Msusi Aliyesomea Ubongo

Watu wa mtaa walimwita Kitana. Jina hilo lilimganda tangu utotoni, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kitana kimechomekwa nyweleni, kama karani na kalamu yake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mfupi wa kimo, mwenye vidole virefu ambavyo mumewe alidai si vyake, alipewa kwa makosa siku ya kugawiwa.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la viatu na kibanda cha fundi simu. Ndani mlikuwa na viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, beseni la kuoshea nywele, na rafu ya mafuta ambayo harufu yake ilimfikia mtu kabla hajavuka barabara. Alikuwa amesuka humo miaka kumi na saba. Alijua vichwa vya mtaa mzima: nani ana kovu nyuma ya sikio, nani ana vinundu viwili kisogoni, nani hawezi kuvumilia kuvutwa hata unywele mmoja ilhali ndiye mwenye mdomo mkali kuliko wote.

Kati ya wateja wake alikuwemo mwanamke mmoja mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, kwa sababu nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake darasa la kwanza. Mwalimu alifika kila baada ya Jumamosi mbili, akaketi kiti cha dirishani, na kabla hajavua kilemba alikuwa ameshasahihisha Kiswahili cha mtu. Hata kibao cha nje cha saluni kilipakwa rangi upya kwa amri yake, baada ya kugundua herufi moja imepotea.

Mwaka mmoja, mvua zikikaribia kwisha, Mwalimu alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na maneno yakamtoka yote isipokuwa moja tu: kesho. Baada ya miezi miwili mdogo wake alimleta saluni, angalau apate kufanana na mtu aliyekuwa zamani. Kitana akamuuliza kama maji ni ya moto mno. Mwalimu akajibu, "Kesho." Akamuuliza kama anaumia shingo. "Kesho." Alipomuuliza kama amemkumbuka yeye ni nani, Mwalimu alilitamka neno lile lile kwa hasira na machozi pamoja, na ilikuwa wazi kwamba kichwani alikuwa na jibu refu kabisa.

Kitana akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kuhesabu ambao Mwalimu aliwafundisha watoto wote wa mtaa, yeye mwenyewe akiwemo. Alipofika mstari wa pili, Mwalimu aliudaka. Aliimba kwa sauti nyembamba, maneno yote mahali pake, kuanzia moja hadi kumi, na madoido yake yote. Vidole vya Kitana vilisimama katikati ya msuko. Akamwomba Mwalimu ayaseme maneno yale yale bila kuimba.

"Kesho," akasema Mwalimu, naye mwenyewe akashangaa.

Jambo hilo lilimkaa Kitana rohoni kama mwiba. Siku ya Mwalimu kurudi kliniki alifunga saluni, akaandamana naye. Daktari, kijana mpole mwenye mifuko iliyojaa kalamu, alimchorea kwenye karatasi: upande huu wa ubongo ndio karakana ya maneno, na damu ilikatika hapa; nyimbo zina njia nyingine zinazopitia upande wa pili. Kitana aliuliza maswali sita. Daktari alijibu matano. La sita alikiri kwamba bado halijajulikana vizuri, ila wapo watu wanaolisomea.

"Wanalisomea wapi?" akauliza Kitana.

Daktari alicheka kwanza. Alipoona mwenzake hacheki, aligeuza ile karatasi, akaandika nyuma yake jina la shahada: sayansi ya ubongo na neva. Tena ilikuwa ikifundishwa chuo kikuu cha mji ule ule, miaka minne.

Kitana hakuwa mbumbumbu. Alimaliza sekondari na alama nzuri za sayansi, akaolewa, akapata mtoto, na mikono ikaingia kwenye nywele kabla akili haijapata nafasi ya kulalamika. Chuo kilikuwa na mtihani wa kuwapokea watu wazima. Aliusomea miezi minane asubuhi asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye kopo la mafuta. Akafaulu.

Majirani walitafsiri habari hiyo kila mmoja kwa kadiri yake. Wengine walisema anakwenda kuwa daktari wa vichaa. Kaka yake mkubwa, dereva wa lori, alipiga simu kutoka safarini kumwonya kwamba kusoma sana ukubwani hupasua kichwa. Mumewe, ambaye alikuwa fundi wa friji na mtu wa maneno machache, alikuwa na swali moja tu.

"Ukishaujua ubongo wote, utakuwa unajua ninachowaza?"

"Hicho nakijua siku nyingi," akasema Kitana. "Unawaza chakula."

Fundi akakubali kwamba ni kweli, na mjadala ukaishia hapo.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa nyumbani. Binti yao wa pekee naye alipata nafasi chuo hicho hicho, mwaka huo huo, kusomea usanifu wa majengo. Siku moja kabla ya kufungua, akiwa anapiga pasi sketi yake kwa uangalifu usio wa kawaida, alisema bila kuinua macho, "Mama, tukikutana kule tusalimiane tu kama watu. Na tafadhali usiniite Kidege."

Kidege ndilo jina alilomwita tangu siku ya kwanza alipomshika. Kitana akasema sawa mwanangu, akatoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Baadaye alipomsimulia mumewe, Fundi alimwambia asijisumbue, kwani hata yeye angekuwa kijana asingetaka kukaa darasa la jirani na mama yake. Basi mwaka mzima mama na mwana walishuka basi moja, wakaingia chuo kwa mageti mawili.

Siku ya kwanza Kitana alipoingia ukumbi wa mihadhara, vijana mia na ishirini walinyamaza, na waliokuwa mbele wakasimama. Walidhani ndiye mhadhiri. Kijana mmoja mwembamba mwenye miwani mikubwa alimkimbilia akamkabidhi fomu yake ya usajili. Kitana akaipokea, akaipitia, akamwambia amesahau kutia sahihi ukurasa wa pili, kisha akaketi kiti cha kando yake akatoa daftari. Kijana alitamani sakafu impasukie. Lakini kuanzia siku hiyo Miwani, kama Kitana alivyomwita, akawa mwenzake wa kusoma.

Na alimhitaji kweli. Biolojia Kitana aliimudu, kemia waliheshimiana, lakini takwimu zilimgaragaza. Jaribio la kwanza alipata thelathini na moja kwa mia. Aliikunja karatasi ile mara nne akaificha chini ya kopo la rangi ya nywele. Miwani alikuja saluni Jumapili, akaketi kwenye kiti kitupu cha wateja, akaanza kueleza habari za wastani na mtawanyiko kwa lugha ya kitabu, na Kitana akawa anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Mwishowe kijana akachoka, akatazama huku na huku, akauliza kichwa kimoja husukwa kwa muda gani.

"Saa mbili."

"Kila mtu?"

"Aa, si kila mtu. Kuna wa saa moja, na kuna mmoja hapa karibu na msikiti alinikalisha saa tano."

"Basi saa mbili ndio wastani," akasema Miwani, "na jinsi wanavyoachana nayo, toka wa saa moja hadi yule wa saa tano, ndio mtawanyiko."

Kitana aliweka chini chanuo. Ukungu ulikuwa umeondoka ghafla. Aliomba apewe hesabu nyingine ya namna hiyo, na nyingine, mpaka wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakaanza kutoa majibu wao wenyewe. Jaribio la pili alipata sitini na nane.

Akajua hapo kwamba saluni ndiyo darasa lake. Kila alipojifunza sehemu ya ubongo chuoni, aliirudia juu ya vichwa. Ncha ya chanuo ikigawa nywele, alimweleza mwenye kichwa kilichoko chini ya mstari: hapa mbele ndipo unapopangia siku yako, huku pembeni ndipo maneno yanapopikwa, kisogoni ndiko macho yanakopeleka habari zao, ingawa yenyewe yako mbele. Wateja walipenda. Mmoja aliomba aonyeshwe mahali ukaidi unapokaa, apate kumweleza mama mkwe. Mwingine alisihi asisukwe kwa kukazwa juu ya sehemu ya kumbukumbu, maana anasahau vya kutosha.

Mwaka wa pili ulikuja na maabara, na maabara ilikuja na Usiguse. Huyu alikuwa fundi wa maabara, pande la mtu mwenye koti jeupe lisilomfunga tumbo, ambaye kwa miaka ishirini alilinda vifaa vya idara kwa neno moja lililompa jina. Siku ya kupasua ubongo wa kondoo, vijana kadhaa walirudi nyuma wakiziba pua. Kitana alishangaa tu kwamba kitu chenye mambo yote yale kina ugumu wa yai lililochemshwa. Kazi ilikuwa kuondoa ngozi nyembamba inayoufunika bila kuchuna kilicho chini. Meza nyingine zilijaa vipande. Kitana aliishika ile ngozi kwa vidole viwili kama anavyobandua gamba kichwani mwa mtoto aliyelala, ikatoka nzima. Usiguse alikuja akasimama nyuma yake, akatazama muda mrefu.

"Wewe mama ulifanya kazi gani kabla?" akauliza.

"Naifanya mpaka leo. Nasuka."

Juma lililofuata kisu kizuri kuliko vyote kilikuwa juu ya meza ya Kitana.

Mwaka huo huo ndipo Mwalimu alipopata nafuu. Hospitalini palikuwa na mtaalamu wa matamshi aliyewafundisha wagonjwa kusema kwa kupitia wimbo: sentensi fupi huimbwa huku mkono ukigonga meza, kisha wimbo hupunguzwa kidogo kidogo hadi libaki neno. Kitana alijifunza kwake, na kila Jumamosi wakasuka na kuimba: naomba maji, nifungulie mlango, leo nimelala vizuri. Maneno yalirudi moja moja kama kuku wanaorudi bandani, kila mmoja kwa wakati wake. Yalipofika arobaini hivi, siku moja Kitana alinyoosha mikono akalalamika, kwa uchovu na bila kufikiri, "Leo vidole zangu zimechoka."

"Vyangu," akasema Mwalimu. Hakuimba wala hakugonga meza. "Vimechoka."

Halafu Kitana akarudia kama mtoto wa darasa la kwanza, "Vidole vyangu vimechoka," na Mwalimu akatikisa kichwa kuonyesha kwamba sasa ni sahihi. Yule mdogo wake alilazimika kutoka nje apunge hewa.

Mambo makubwa yalikuja mwaka wa tatu. Darasa lilianza kutumia mashine ya kupima umeme wa ubongo. Mtu huvishwa kofia ya mpira yenye vidude vidogo vya chuma vinavyogusa ngozi ya kichwa. Seli za ubongo zikizungumza, umeme wake mdogo sana hupita kwenye nyaya na kuchorwa kwenye skrini kama mistari inayotetemeka. Walipimwa watu thelathini waliojitolea. Profesa, mwanamke mrefu mwenye mvi fupi na masihara makavu, aligawa matokeo ili wanafunzi wayachambue. Kitana aliona kwamba tisa wameondolewa. Pembeni paliandikwa: hayakutumika, kelele nyingi.

Aliwajua wale tisa kwa sura. Aliwafuatilia mmoja mmoja kwenye orodha, kisha akanyoosha mkono.

"Profesa, hii si kelele," akasema. "Hizi ni nywele."

Akaeleza kwamba wote tisa walikuwa na nywele nzito au wamesukwa. Kofia haikukaa, ilielea juu ya nywele kama jani juu ya maji, na vidude havikugusa ngozi. Kwa hiyo kila mwaka watu wa namna hiyo huondolewa, na vitabu huandikwa kwa vichwa vya waliobaki.

Darasa lilimtazama Profesa, ambaye alivua miwani akaifuta taratibu. Alisema wahenga walituambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila hawakutuonya kwamba nywele zenyewe zitatuzuia kuiona akili. Kisha akamuuliza Kitana anashauri nini.

Kitana alishauri waache kupigana na nywele. Mahali pa kuweka kila kidude hupimwa kwa utepe, kuanzia mzizi wa pua hadi kinundu cha kisogoni, na kutoka sikio hadi sikio. Yaani ni ramani. Na msusi kazi yake ni nini kama si kuchora ramani kichwani? Kichwa kisukwe mistari inayofuata vipimo hivyo, ngozi ibaki wazi mahali panapotakiwa, na kila kidude kibanwe na misuko yenyewe.

"Basi suka," akasema Profesa.

Tangazo lilibandikwa ubaoni kuomba watu wenye nywele nyingi. Siku tatu hakuja mtu. Siku ya nne, Kitana akiwa anapanga upya vitana ambavyo alikuwa ameshavipanga, mlango ulifunguliwa akaingia binti yake, na nyuma yake wasichana watatu wa usanifu wenye vichwa vya kutamanisha. Usiguse alijitokeza kuuliza wanamtafuta nani.

"Namtafuta mama yangu," akasema binti. "Huyo hapo. Nimemletea vichwa vinne, na changu kimo."

Kitana alitaka kumwita jina, akalimeza lilipofika mlangoni mwa meno. Binti akaliona. "Ita tu, Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hawa wote wanalijua. Nimeshawasimulia." Inaonekana kwa muda mrefu yeye ndiye aliyekuwa akijisifu huko kwao kwamba ana mama anayesomea ubongo, ila hakujua aanzie wapi kumwambia mwenyewe.

Kidege akawa wa kwanza kukaa kitini. Kitana alipima kwa utepe, akatia alama, akasuka saa mbili na nusu, akabana vidude. Mashine ikawashwa. Kipimo cha ukinzani, yaani jinsi umeme unavyozuiwa kupita, ambacho hutakiwa kisizidi tano, kilionyesha sitini. Wakakagua nyaya, wakaongeza jeli: sitini na mbili. Profesa alikuwa ameshafika. Wale wasichana watatu walitazama viatu vyao. Kushindwa mbele ya watu si neno, lakini mbele ya mtoto uliyempigia pasi sare za shule ni jambo jingine.

Usiguse aliinama juu ya kichwa cha binti, akanusa.

"Mama," akasema, "mbona kunanukia nazi?"

Kitana akatia mkono mfukoni mwa koti jeupe. Kikopo cha mafuta kilikuwemo, kifuniko kimelegea. Hakukumbuka kukifungua. Kwa miaka ishirini kila alipogawa mstari kidole kilikwenda kwenye mafuta, na leo kilikwenda chenyewe bila kumuuliza, kikapaka ngozi yote mafuta, na umeme haupiti kwenye mafuta. Profesa alicheka mpaka akashika meza. Alisema huo ndio mhadhara wake wa juma lililopita kuhusu mazoea na sehemu za chini za ubongo, na kwamba hajawahi kuona mfano mzuri kama huo.

Wakafumua. Wakaosha kwa sabuni mara mbili, wakakausha, na Kitana akaanza upya, safari hii kikopo kikiwa kimefungiwa kabatini na ufunguo akiwa nao Usiguse. Binti alivumilia saa nyingine tatu akila biskuti za wenzake. Mashine ilipowashwa namba zilianza kushuka: thelathini, kumi na moja, sita, nne. Profesa akamwambia binti afumbe macho. Kwenye mistari ya kisogoni yakatokea mawimbi madogo, laini, yaliyopangana kama matuta ya shamba lililolimwa na mtu makini, ambayo huonekana pale macho yanapopumzika. Usiguse alitoa mkono wake kwenye kitufe cha kurekodi, akarudi nyuma hatua moja, akamwashiria Kitana akibonyeze yeye.

Kazi hiyo ndiyo aliyoichagua kwa utafiti wake wa mwaka wa nne. Alidhani yaliyobaki ni kupima na kuandika, lakini Profesa alimwekea kigingi.

"Kama inafanya kazi mikononi mwako peke yako, hicho ni kipaji," alisema. "Nataka mbinu. Mfundishe mtu asiyejua kusuka kabisa."

Hapakuwa na mtu asiyejua kusuka kuliko Usiguse. Akawa anakuja saluni kila Jumanne jioni baada ya kazi, anaketi kwenye kigoda kilichomlalamikia, mbele yake kichwa cha plastiki chenye nywele za bandia. Wateja walihamisha miadi yao kwenda Jumanne ili wasikose. Msuko wake wa kwanza ulifanana na kamba ya kuvutia ndoo kisimani. Wa pili ulifumuka wenyewe kabla hajaumaliza. Alivunja vitana viwili. Mumewe Kitana, aliyekuja kurekebisha feni ya saluni, alimpa pole ya mwanamume kwa mwanamume na kumshauri ajifanye anasuka nyaya. Ushauri huo ndio uliomkomboa. Juma la saba Usiguse alisuka kichwa cha mtu hai, mistari kumi iliyonyooka, akavua kofia yake akajipepea kama mtu aliyemaliza mbio.

Walipima vichwa ishirini na vinne, nusu vikasukwa na Kitana, nusu na Usiguse. Siku ya kuutetea utafiti, mtahini kutoka chuo kingine, mzee nadhifu aliyepanga kalamu zake kwa urefu, alifunga ripoti ya kurasa sitini akamtazama Kitana juu ya miwani. Alimuuliza, bila ubaya, kama hii ni sayansi au ni ususi.

Kitana alikuwa ameandaa hotuba kuhusu jambo hilo. Aliiacha.

"Ukinzani ulishuka kutoka wastani wa arobaini na nane hadi tano," akasema, "kwa vichwa ishirini na viwili kati ya ishirini na vinne. Mikono ya fundi wa maabara na yangu haikutofautiana. Viwili vilinishinda, na sababu ziko ukurasa wa arobaini na moja."

Mzee alifungua ukurasa wa arobaini na moja, akausoma kimya, akapiga mstari mahali. Maswali yake yote yaliyofuata, na yalikuwa mengi na magumu, yalitoka kwenye ukurasa huo. Alipotoka alimpa Kitana mkono akamwomba, kama haitakuwa taabu, amtumie nakala ya mchoro wa mistari.

Alihitimu mwaka mmoja kabla ya binti yake, maana usanifu ni wa miaka mitano, na nyumba nzima haikumpa Kidege nafasi ya kulisahau hilo. Kaka yake dereva alikuja na lori, akaliegesha mahali pasiporuhusiwa, akamweleza kila aliyepita kwamba yule wa arobaini na kitu mwenye joho ni dada yake na kichwa hakijapasuka.

Sasa Kitana husuka saluni siku nne, na siku mbili yuko hospitalini, chumba cha vipimo cha ghorofa ya kwanza. Majuzi aliletewa mtoto wa miaka saba mwenye kifafa. Alikuwa ameshapimwa mara mbili na mara zote mbili karatasi zilitoka zimejaa michirizi isiyosomeka. Mtu alishauri anyolewe. Mtoto alikuwa amelia juu ya shauri hilo njia nzima, na mama yake naye macho yalikuwa mekundu.

Kitana alimketisha, akamwonyesha utepe, vidude na jeli, akamwachia ashike kila kitu. Alisuka polepole. Mashine ilisoma vizuri tangu dakika ya kwanza, na daktari aliyekuja kutazama alisogea karibu na skrini, akaweka kidole juu ya sehemu moja ambapo mawimbi yalisimama wima kama miiba, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya sikio. Alisema hapo ndipo tatizo linapoanzia, na dawa aliyokuwa akipewa mtoto haikuwa ndiyo hasa inayomfaa. Akakaa chini pale pale kuandika nyingine, huku mama mtu akiuliza maswali na kuyarudia.

Mtoto alikuwa na swali lake.

"Mashine imeona nilichokuwa nawaza?"

"Haioni hivyo," akasema Kitana akimfuta jeli. "Inaona tu kwamba unawaza."

Mtoto alionekana kutua mzigo. Akaomba kioo. Alijitazama mbele, akageuka upande, akagusa mistari kwa kidole, kisha akatamka kwa heshima lakini bila kuficha kwamba ni mizuri ila haina shanga. Kitana alitazama saa ya ukutani. Kulikuwa na mgonjwa mwingine mlangoni, lakini huyo alikuwa na upara, kazi yake ni dakika tano. Akamwomba avumilie kidogo, akafungua mkoba wake, akamimina shanga kwenye sahani ya vidude, na mtoto akaanza kuchagua rangi.